Moshi Ulionukia Asali

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea asali ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Nina duka la dawa hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, na wateja wangu wana desturi ya kushukuru kwa chakula: papai, ndengu, na mara moja jogoo aliyenidonoa kidole kabla sijamaliza kusema asante. Nilipolivuta lile gunzi, harufu ilitoka yote kwa pamoja. Haikuwa asali ya supamaketi, ile ya rangi ya chai isiyonukia kitu ila sukari. Ilikuwa nyeusi na nzito, na ndani yake mlikuwa na moshi na mti wa kale. Nikasimama nyuma ya kaunta na chupa puani, mama mmoja akiningoja na karatasi ya daktari mkononi, mpaka akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Nuu, nina miaka tisa, na shangazi yangu Kalunde alikuwa juu ya mgunga amevaa kaptula.

Naona nimewarusha. Ngoja niwapeleke taratibu.

Nililelewa Nuu na babu na nyanya, kwa sababu wazazi wangu walikuwa huku Salama wakihangaika na kihoteli cha chai na maandazi. Sikulalamika hata siku moja. Kwetu nyanya ni Susu na babu ni Umau, na nitawaita hivyo hivyo, maana nikisema "nyanya yangu" naona kama ninasimulia habari za mwanamke mwingine aliyelainika zaidi.

Susu hakuwa amelainika. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mrefu, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani vizuri hadi nyusi, na sauti yake ikianza pambio hata kuku walioko nje walinyamaza. Jumapili ikifika saa ya ushuhuda, watu waligeuza shingo kumtazama kabla hajasimama. Walijua atasema nini, na walitaka kukisikia tena, vile mtoto anavyotaka hadithi ile ile na maneno yale yale.

Kabla hajaokoka, Susu alikuwa mpigaji ngoma wa kilumi. Hiyo ni ngoma ya akina mama, ya kuita mvua na kuwatuliza waliopandwa na pepo, na mpigaji husimama akiwa ameibana ngoma ndefu kati ya mapaja. Wanasema yeye akipiga, watu wa ng'ambo ya kilima waliacha kupalilia. Kisha uamsho ukafika Nuu pamoja na mhubiri mmoja kutoka pande za Mlima Kenya, mtu mpole mwenye viatu vya kung'aa, akaagiza ngoma zote za kilumi ziletwe uwanja wa kanisa zichomwe moto.

"Mimi yangu niliibeba mwenyewe," Susu alikuwa akisema, akishika paji la uso pale mkanda wa mzigo hukaa, maana akina mama wa kwetu hubeba mgongoni na mkanda hupita kichwani. "Niliibeba kutoka nyumbani hadi hapa. Nikaiweka kwa moto na mikono yangu. Na moshi wake, wapendwa, ulinukia asali!"

"Amina!" kanisa lilijibu. Kila mmoja alijua kwamba harufu ile ilikuwa ishara ya Bwana kupokea sadaka. Wazee waliokuwepo siku hiyo walithibitisha: ndiyo, asali kabisa, hata nyuki wawili watatu walikuja.

Na kila mara, benchi la nyuma upande wa wanaume, Umau alikohoa. Niliamini kifua chake kilikuwa kibovu. Sikujiuliza kwa nini kilimsumbua Jumapili tu.

Sasa huyu Kalunde alikuwa binti yao wa mwisho, na jina lake nyumbani lilitajwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Akiwa shuleni alikataa kuimba na wasichana, akaenda kuruka na wavulana katika ile ngoma yetu ya sarakasi, ambapo mchezaji hujirusha hewani, anageuka kichwa chini, na kutua kwa miguu firimbi ikiwa bado mdomoni. Akachapwa, akaruka. Akakanywa na wazee wa kanisa, akawasikiliza kwa heshima sana, kisha akatoka nje akaruka. Alipoletewa mchumba, kijana mzuri wa duka la vipuri, alimuuliza kama angemruhusu kuruka. Kijana akacheka akidhani ni mzaha, na hapo mazungumzo yakaisha.

Akaenda Mtito Andei. Vikundi vya pale vilivyowachezea wageni vilimwambia afue nguo za wachezaji, naye akaunda kikundi chake mwenyewe, cha wanawake tupu. Aliwapata muuza machungwa, mfua shuka wa lojing'i, na mama mmoja aliyeachwa na dereva wa lori. Walicheza kwenye vituo vya petroli na mbele ya hoteli, njuga miguuni na kaptula mwilini, wao wanaruka, yeye anapiga ngoma, na baadaye yeye anaruka huku wao wanapiga. Madereva walilipeleka jina lake Mombasa na Malaba. Walimwita Mama Kichwa-Chini.

Jina hilo lilitokana na mchoro wake. Kalunde alishona magunia ya unga wa ngano yakawa pazia kubwa, akalichora kwa rangi za mabati, na kulitundika nyuma yake kila alipocheza. Lilikuwa kilima chetu cha Nuu, na mashamba, na mbuzi, na kanisa, vyote vikiwa vimepinduka, kilele chini na mizizi ya miti juu. Siku za kwanza madereva wenye roho nzuri walishuka kwenye malori kumsaidia kuligeuza. Aliwaacha waligeuze, kisha akaligeuza tena. Alisema yeye huona kwao vizuri zaidi akiwa hewani, na akiwa hewani ndivyo kulivyo.

Habari hizi zote zilifika Nuu zikiwa zimeongezwa chumvi. Mimi nilizikusanya kama mtoto anavyokusanya vifuniko vya chupa, na nilimpenda kabla sijamwona.

Alikuja likizo ya Agosti, mwaka wa kiangazi kikali, akateremka kwenye lori la mbuzi lililokuwa likirudi tupu. Alikuwa mfupi. Hilo liliniumiza kidogo, kwani nilimtarajia awe na kimo cha Susu. Lakini alitembea kama mtu ambaye ardhi inamsukuma juu, na aliniinua kwa mkono mmoja akaninusa shingo.

"Huyu ni wetu," akasema. "Ananuka moshi na ukaidi."

Susu alitoka jikoni akamtazama kuanzia miguuni.

"Wewe Kalunde. Umekuja na hiyo kaptula mpaka kwa boma ya baba yako?"

"Mwaitu, nimekuja na leso pia," shangazi akajibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na yeye alilitamka polepole, kama mtu aliyekaa nalo mdomoni njia nzima. Akajifunga leso juu ya kaptula. Susu akampa kiti. Kwa siku hiyo ilitosha.

Tulipokuwa tukila muthokoi jioni ndipo tulipojua kilichomleta. Ngoma yake ilikuwa imeanguka kutoka juu ya lori ikapasuka katikati. Miti minene ya kuchonga nyingine ilikuwa imekwisha, imegeuka makaa. Alikuwa amejaribu ngoma za mapipa, lakini sauti yake haikuvuka barabara, malori yaliimeza. Na mwenye ile hoteli kubwa walikocheza sasa alikuwa amewaambia wazi: Mwisho wa mwezi nataka ngoma inayosikika hadi ng'ambo ya barabara, au nafasi nawapa vijana wa spika. Muuza machungwa alikuwa ameshaanza kuulizia machungwa. Kikundi kilikuwa kinakufa.

"Mwaitu," shangazi akasema akiitazama sahani, "ile ngoma yako ilikuwa ya mti gani?"

Kijiko cha Susu hakikusimama. "Ngoma gani? Hiyo ilichomwa. Uliza kanisa."

"Najua. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nimeshika sketi yako. Nauliza mti tu."

"Mti ni mti. Kula, hiyo inapoa."

Umau alipiga chafya, au alikohoa, sikumbuki vizuri. Nakumbuka shangazi aliosha vyombo vyote usiku huo bila kuimba.

Alhamisi ilikuwa siku ya maombi ya akina mama. Susu alipokwisha kushika njia na Biblia yake kwapani, Umau, aliyekuwa akitia kiraka kwenye ndara, alisema bila kuinua macho:

"Kalunde. Kule mtoni kwa ule mgunga wangu kuna mzinga wa mwisho, wa upande wa jua. Nyuki walihama na hiki kiangazi. Mimi magoti yamekataa. Si uende uushushe?"

Shangazi akamkodolea macho. "Baba, mimi? Mwanamke kwa mizinga?"

Lazima niwaeleze hapa. Kwetu mizinga ni mambo ya wanaume. Hutobolewa kutoka kwenye gogo, huchomwa alama ya ukoo wa mwenyewe, hutundikwa juu mtini, na mwanamke haigusi. Mimi nilifundishwa kupita chini ya mgunga ule nikitazama ardhi, kwa kuwa jicho la msichana lingewaudhi nyuki wakahama.

"Si nimekwambia wameshahama," Umau akasema. "Na nani atakuona?" Akageuka akanitazama mimi, akafikiri. "Huyu haoni mbali."

Kwa hiyo tulienda mtoni, kwenye ule mchanga mweupe usio na maji, shangazi na kamba begani. Alivua leso akanipa nishike. Akautazama mgunga kama mtu anayemtazama rafiki wa shule, kisha akaupanda, miiba na yote. Kuufungua mzinga ilimbidi ajining'inize kwa magoti, kichwa chini, mikono yote miwili ikifanya kazi. Mimi roho ilikuwa mkononi.

"Anti, utaanguka!"

"Kilima kinaonekana vizuri hapa!" akapiga kelele. "Kuna mbuzi anatembea juu ya mawingu!"

Si nyuki wote waliokuwa wamehama. Walibaki wachache wakaidi, na mmoja wao akamuuma mdomoni, ikawa kwamba Mama Kichwa-Chini aliteremka na mdomo wa juu umevimba mpaka puani, na hakuweza kupuliza firimbi kwa wiki nzima. Mzinga tuliushusha kwa kamba, mimi nikishikilia ncha nyingine na kupaa kidogo ulipozidi uzito wangu. Ukalala mchangani. Ulinuka vile vile ilivyonuka chupa ile ya soda.

Shangazi akaipangusa alama ya ukoo wetu, iliyochomwa ubavuni. Kisha vidole vyake vikafika mwisho wa gogo vikasimama. Kuzunguka ule mdomo kulikuwa na vitundu vidogo vilivyopangwa sawasawa, na katika vingine vigingi vya mti vilikuwa bado vimo, vimekatwa vikabaki sawa na gogo. Mzinga hauna vigingi. Hata mimi nilijua hilo. Vigingi ni vya kushikilia ngozi.

Akaketi mchangani. Akagonga gogo mara moja kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Halafu akaanza kulia na kucheka, na kwa ule mdomo wake uliovimba sikuweza kujua ni lipi lilianza.

Umau alitukuta hapo, fimbo mkononi, akipumua kwa nguvu.

"Mama yako alikuwa ameenda kisimani," alianza, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana. "Ngoma ilikuwa imefungwa kwa leso tayari kupelekwa asubuhi. Nikachukua mzinga wangu mkongwe uliooza upande mmoja, nikaukata ulingane, nikauvalisha ile ngozi, nikauzungushia leso. Masega yalikuwa bado ndani. Yule mhubiri kwao hawachongi mizinga. Kwake gogo lenye tundu ni gogo lenye tundu. Ngoma yenyewe nikaitia alama ya ukoo, nikaitundika hapa."

"Kwa hivyo kanisa lilichoma..."

"Mzinga wangu. Mzinga mzuri sana."

Nilielewa mara moja ile asali ilitoka wapi. "Na Susu?" nikauliza.

"Susu wako hajui," Umau akasema. Kwa mara ya kwanza aliniongelesha kama mtu mzima, na afadhali asingefanya hivyo. "Na asijue. Ule ushuhuda ameuishi miaka yote. Ukiuondoa, atabaki na nini? Mimi sikuweza kuacha ile ngoma ichomeke, kwa sababu aliipiga siku nilimwona kwanza. Lakini sikuweza pia kumzuia kuokoka. Sasa, mzinga ni mzinga. Tumeelewana?"

Tulielewana. Tuliurudisha nyumbani shangazi akiwa ameubeba mgongoni, mimi nyuma nikipanga uongo kichwani.

Sikupata nafasi ya kuutumia. Mhubiri wa siku hiyo alikuwa hajafika, maombi yalikuwa mafupi, na tulipoingia uani Susu alikuwa ameketi kizingitini akichambua mbaazi. Aliuona ule mzigo. Akamwona binti yake ameinama chini yake, mkanda umekaza kichwani, mdomo umevimba. Nikangoja mbingu zianguke.

"Huo ni mzinga?" akauliza.

"Ni mzinga," Umau akasema.

"Ni mzinga," nikasema mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Susu akaendelea na mbaazi. Kisha akasema, "Kama ni mzinga, msiuanike kwa jua. Utapasuka. Mzinga hukaushwa kivulini, na mdomo uangalie chini."

Shangazi akauweka kivulini, mdomo ukiangalia chini. Alipoanza kukwangua nta ya zamani kwa kisu na kuitupa, Susu alimkemea kwa ukali. "Usitupe nta! Kusanya yote, ufinyange donge." Akanigawia kipande, nami nikakipaka kwenye nyufa za visigino vyangu, nikidhani ndiyo kazi yake. Jioni alitoa kwenye dari kigozi cha mbuzi kilichokunjwa vizuri, cheupe kwa uzee, akakibwaga miguuni pa Kalunde.

"Hiki kinanijazia panya tu. Nenda ukitupe mbele ya safari huko."

Ndivyo nilivyoona mimi: bibi mmoja mwenye kupenda mizinga na kuchukia panya. Nilishukuru Mungu kwamba hakugundua kitu.

Shangazi aliondoka Jumamosi. Susu alimwombea safari njema, ombi refu mno lililopitia kwa wagonjwa wote wa lokesheni, na mkono wake ulikuwa juu ya gogo muda wote, kwa kuwa gogo ndilo lililokuwa karibu. Jumapili akasimama kutoa ushuhuda. Nilishika benchi. "Na moshi wake, wapendwa, ulinukia asali!" Nyuma, Umau akakohoa. Nilikuwa mtoto wa pekee Nuu aliyejua kwamba mtu mkubwa kuliko wote kanisani alikuwa akishuhudia kitu ambacho hakikutokea, na nilimhurumia, na nilimpenda zaidi, na niliapa kwamba hatajua kupitia kwangu.

Kikundi hakikufa. Ile ngoma ilivuka barabara. Walioisikia wanasema ilianza kusikika kabla hujaona taa za Mtito Andei, na kwamba madereva waliokuwa wakisinzia waliamka. Wageni wakaja na kamera, kisha Kalunde akaitwa Kitui na Nairobi na hata ng'ambo mara mbili, na kila alikoenda alitundika Nuu yake iliyopinduka. Magazeti yalimsifu na kumtukana kwa zamu. Alivikata vyote viwili akavibandika ukutani.

Nikiwa kidato cha kwanza, akina mama wa kanisa walikodi basi kwenda mkutano wa maombi Mombasa, nami nikachukuliwa kwa sababu macho ya Susu yalikuwa yameanza kufifia na alihitaji mkono. Basi lilisimama Mtito Andei ili watu wapate chakula. Tulikuwa hatujafunguliwa mlango niliposikia ngoma.

Vitambaa vyeupe vyote vikaegemea madirishani. "Woi, ni yule msichana wa kwenu?" mmoja akauliza. Wenzake waliposhuka, Susu alibaki kitini, akasema miguu imekufa ganzi. Nikabaki naye.

"Nani anapiga?"

"Ni Anti."

"Amevaa nini?"

"Kaptula, Susu."

Akasonya. Lakini vidole vyake vilikuwa juu ya jalada la Biblia, na vilikuwa vikijibu. Kalunde akipiga, vyenyewe viliingia palipoachwa wazi, bila kukosea. Nikatazama nje nisije nikamwaibisha. Shangazi alikuwa ametoa donge la nta mfukoni, akalibandika katikati ya ngozi na kulikandamiza kwa kidole gumba, akapiga, na sauti ikashuka ikawa nzito kuliko awali. Nikakumbuka visigino vyangu.

"Na nyuma yake kuna nini? Naona rangi tu."

"Ni Nuu. Ameichora kichwa chini."

Susu akafikiri. "Basi huko mvua itanyesha ikienda juu," akasema, na bega lake likatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha akaniinamia. "Nenda umwambie abadilishe mkanda wa kubebea. Nasikia anatumia kamba nyembamba. Ile ni nzito, itamkata paji la uso. Mwambie mkanda mpana, wa ngozi ya ng'ombe."

Nikakimbia. Nilimpa Kalunde ujumbe ule neno kwa neno. Akamwachia mwenzake ngoma akavuka, njuga zikilia, jasho likimtiririka, mpaka dirishani. Susu alitoa mkono nje, akampapasa uso, akahisi jasho, akakifungua kitambaa chake cheupe cha kanisa na kumpangusa nacho, polepole, pande zote mbili. Akina mama walikuwa wamerudi na soda zao. Wengine walitazama kwingine. Mmoja, Mungu ambariki, alianzisha pambio.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Susu aligundua siku ile uani, alipouona mzinga wenye vigingi. Nilimwona kama mtu aliyesalitiwa na mumewe akasamehe. Ilikuwa hadithi nzuri na niliisimulia kwenye mazishi yao, yake na ya Umau, waliofuatana bila kuchelewa.

Lakini nikiwa nyuma ya kaunta na chupa ile puani, nilianza kufikiri kama mwanamke aliyebeba mizigo. Susu aliibeba ngoma yake mgongoni msimu baada ya msimu. Asubuhi ile ya moto akainama, akaweka mkanda kwenye paji la uso, akainuka. Uzito haukuwa wenyewe. Gogo halikukaa pale lilipozoea kukaa. Na njia nzima, kutoka nyumbani hadi kanisani, shingo yake ilikuwa inanuka asali. Angeweza kusimama. Hakusimama. Na baadaye, kila Jumapili, mbele ya mchungaji na wazee wote, alikuwa akilisema wazi, kwa sauti inayonyamazisha kuku, lile jambo ambalo Umau aliamini kwamba ni siri yake. Alikuwa akimshukuru. Naye alikuwa akikohoa.

Nilifunga duka mapema nikampelekea Kalunde ile chupa. Siku hizi anakaa hapa hapa Salama. Magoti yameisha, lakini uani kwake wasichana wanajifunza kuruka na kupiga, wa Makueni na wa Kitui, na wawili wao Jumapili hupiga ngoma kanisani, la dhehebu lile lile la Susu, kwa maana sasa kanisa lina ngoma na magitaa na spika kubwa kuliko za Mtito Andei. Nilimkuta akichora gunia. Nikamwambia yote, mkanda, uzito, shingo.

Alichovya kidole ndani ya chupa, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Ngoma ya Susu ilikuwa imesimama kivulini nyuma yake.

"Na mimi miaka hii yote nilidhani alinisamehe," akasema. "Kumbe alikuwa ameniwekea."